Mpishi haogopi bei ya mboga, anaogopa kuharibu mlo

WAFANYABIASHARA wengi wa mboga katika masoko ya Korogwe na Handeni wana dawa moja kwa bidhaa isiyotoka, nayo ni kupunguza bei. Fungu la shilingi 500 likifika saa tisa alasiri bila kupata mtu, linashuka hadi 300. Ikifika saa kumi na moja, linaunganishwa na jingine, mawili kwa 300. Giza likiingia, mchunga na mgagani vinamwagiwa mbuzi, na mkulima aliyevichuma alfajiri anarudi kijijini akisema watu wa mjini hawali mboga za asili.

Hesabu hiyo ina kasoro. Mteja aliyelipita fungu hilo mara nyingi hakuwa amekosa shilingi 500. Aliliinua, akaligeuza, akalinusa, akauliza jina lake, kisha akalirudisha mahali pake na kwenda kununua kabichi iliyoshuka kutoka Lushoto. Mtu asiyetaka kitu hakiulizi jina. Aliyeuliza alikuwa na hamu ya kujaribu, na hamu hiyo ndiyo mwanzo wa soko lolote la chakula. Kilichomrudisha nyuma ni kitu ambacho muuzaji hakukiona, kwa sababu hakiko ndani ya fungu.

Chukulia mama mmoja wa Manundu, mjini Korogwe, mwenye watu sita wa kulisha. Akinunua mchunga wa shilingi 500, bado ataweka nazi, nyanya, kitunguu na mafuta, atawasha mkaa, na pembeni kuna sufuria ya ugali. Mlo huo mzima ukigharimu, tuseme, shilingi 6,000, basi mboga aliyoinunua ni sehemu moja tu kati ya 12. Lakini mboga hiyo ikitoka na uchungu usiolika, hatakuwa amepoteza 500. Atakuwa amepoteza mlo wa usiku. Watoto watalala na ugali mkavu, mzee wa nyumba atatoa neno, na nazi iliyokwisha kukunwa hairudi kwenye kifuu.

Bei ya kujaribu chakula kigeni, kwa hiyo, ni bei ya mlo mzima na amani ya nyumba. Muuzaji anayeshusha fungu kutoka 500 hadi 300 anampunguzia mteja shilingi 200 katika hatari ya shilingi 6,000. Si ajabu kwamba mteja haoni tofauti. Kinachoweza kumgeuza ni mtu wa kumhakikishia kwamba mboga itatoka vizuri, na hakikisho hilo analo muuzaji mwenyewe, tena bure, mdomoni mwake.

Tatizo ni kwamba halitoi. Mazungumzo ya kawaida sokoni huenda hivi:

"Shikamoo bibi. Hili jani linaitwaje?"

"Marahaba. Mchunga huo, mwanangu."

"Unapikwaje?"

"Kama mboga nyingine tu."

Hapo biashara imekufa, na bibi hajui kama ameiua yeye. Mchunga haupikwi kama mboga nyingine. Anayeukatakata na kuukaanga kama mchicha atakula uchungu wake wote. Wanaoupenda huuchemsha kwanza, wakamwaga maji yale ya mwanzo, wakaukamua, ndipo wakaunga kwa nazi. Wengine huuchanganya na mchicha au majani ya kunde ili uchungu ubaki kwa mbali, maana kwa waliouzoea uchungu ule kidogo ndio utamu wenyewe. Bibi anayajua yote hayo tangu utoto wake. Ameyazoea kiasi kwamba haoni kama ni maarifa, sembuse kama ni sehemu ya bidhaa anayouza.

Mlenda una kisa cha namna hiyohiyo. Kwa aliyekulia kwenye mlenda, mvutano wake ndio alama kwamba umeiva. Kwa asiyeujua, ni alama kwamba kuna jambo limeharibika jikoni. Mpishi mgeni akiona mboga yake inavuta kama uzi, huongeza moto, huongeza mafuta, hukoroga zaidi, na kila anachofanya kinazidisha balaa. Sentensi moja ya muuzaji, kwamba utavuta na ndivyo unavyotakiwa kuwa, ingeokoa sufuria hiyo na kumrudisha mteja wiki ijayo.

Ni wilaya chache nchini zenye haja kubwa ya maelezo ya aina hii kuliko hizi mbili, kwa sababu Korogwe na Handeni hazijawahi kula kutoka chungu kimoja. Wazigua, Wabondei na Wasambaa ni majirani, lakini majina ya majani yanabadilika kutoka bonde hadi mlima. Juu ya hao, mashamba ya mkonge ya tangu enzi ya Wajerumani yaliwaleta manamba kutoka Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko, na wengi wao hawakurudi. Wajukuu wao wako Korogwe leo. Wamerithi mapishi ya nyumbani kwao na wamerithi pia kutojua baadhi ya mimea inayoota nyuma ya nyumba walimozaliwa.

Handeni imeendelea kupokea watu hadi miaka ya karibuni. Mwaka 2003 wakimbizi wa Kisomali wenye asili ya Kizigua walianza kuhamishiwa makazi ya Chogo. Hao ni uzao wa watu waliochukuliwa kutoka pwani hii katika karne ya 19, wakafika bonde la mto Juba, wakaishi huko vizazi kadhaa bila kuiacha lugha ya Kizigua, mpaka vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowarudisha walikotoka babu zao. Simulizi za watu hao zinasema njaa ya Uzigua ndiyo iliyowatia wazee wao mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Walirudi na lugha moja na wenyeji wao, lakini jikoni walikuwa wageni.

Kisha, kuanzia Juni 2022, familia za wafugaji wa Kimaasai kutoka Ngorongoro zilianza kuhamia kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Uhamisho huo umezua mjadala mkubwa ndani na nje ya nchi, na haukosi wa kuuandika. Kwa mkulima wa Handeni, upande wa soko ndio unaogusa ukurasa huu: amepata majirani wapya wanaonunua mahindi na wanaojua maziwa kuliko mtu yeyote wilayani.

Hapa kuna jambo ambalo limepita bila kuonekana. Mgagani ni mboga chungu, na magharibi mwa Kenya, ambako unapendwa sana, mapishi mazuri ya mgagani hutumia maziwa. Majani huchemshwa, maji ya uchungu yakapunguzwa, kisha yakatiwa maziwa na kuachwa yaive taratibu. Uchungu unalainika. Handeni ina mgagani unaoota wenyewe kwenye maboma ya zamani ya ng'ombe, na ina maziwa. Ni wapishi wangapi wa Handeni mjini wamewahi kuambiwa kwamba viwili hivyo vinakaa sufuria moja? Mfugaji anatafuta mnunuzi wa maziwa ya jioni, mwanamke wa kijiji cha pili anatafuta mnunuzi wa mgagani, na wote wawili wanakosa kwa sababu hakuna aliyeyaunganisha mafungu yao kwa maneno.

Watakuwapo watakaouliza kwa nini gazeti la wakulima lipoteze nafasi kwa udadisi wa mpishi wakati kuna bei za mahindi za kujadili. Jibu liko kwenye mahindi yenyewe. Handeni ni wilaya ya mvua za kubahatisha. Vuli inaweza kukatika Novemba, masika yanaweza kuchelewa, na kaya iliyoweka kila kitu kwenye mahindi hubaki ikiyanunua kwa bei ya juu miezi ileile ambayo haina fedha. Kila ukame unapopita, viongozi huhimiza wananchi walime mtama na muhogo. Wananchi husikiliza, hupiga makofi, na msimu unaofuata hupanda mahindi.

Wataalamu wengi huuita huo ukaidi. Ukiutazama kutoka jikoni, si ukaidi hata kidogo. Mkulima anajua kwamba mtama ukivunwa, nyumbani hautapikwa. Binti aliyeolewa kutoka mjini hajawahi kusonga ugali wake. Makopa ya muhogo anayajua, lakini bada kwake ni chakula cha mwaka wa njaa, na hakuna mtu anayetaka jirani apite amkute anakula chakula cha njaa katika mwaka wa shibe. Zao lisilopikwa na mwenye nyumba, na lisiloulizwa na mteja wa sokoni, halilimwi kwa hotuba.

Upo pia ushahidi wa kinyume chake, wa zao lililolimwa kwa wingi likimtegemea mpishi wa mbali. Zao hilo ni mbaazi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mbaazi kavu ya Tanzania ilikwenda India. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na bei nchini ikaanguka kiasi kwamba wapo wakulima walioziacha shambani. Uamuzi uliofanywa Delhi ulimkuta mtu ambaye hajawahi kuiona Delhi. Mwaka 2021 India ililegeza masharti hayo, na bei ikapata nafuu, lakini mlango unaofunguliwa na mwingine huweza kufungwa na yeye huyohuyo.

Mbaazi si ngeni pwani. Mbaazi za nazi kwa maandazi ni kifungua kinywa kinachojulikana kutoka Tanga mjini hadi Lamu. Lakini ondoka pwani kilomita mia moja kwenda bara, uingie nyumba ya mtu aliyezoea maharage, umpe kilo ya mbaazi kavu. Ataziweka jikoni kama anavyoweka maharage bila kuziloweka, atamaliza mkaa, na atasema mbaazi ni ngumu. Mwaka ule wa 2017 yalisemwa mengi kuhusu wanunuzi wa nje. Machache yalisemwa kuhusu mpishi wa Mombo au Kabuku ambaye angeweza kununua kilo mbili kwa mwezi kama angeambiwa aziloweke usiku kucha. Haingelikuwa soko la kuziba pengo la India, hilo lazima likubaliwe. Ila lingekuwa soko ambalo hakuna waziri wa nchi nyingine anayeweza kulifunga.

Mfano wa jirani unaonyesha kwamba mambo haya yanawezekana. Nchini Kenya, hadi miaka ya 1990, managu, saga na terere, ambazo hapa ni mnavu, mgagani na mchicha, zilikuwa mboga za bibi wa kijijini. Mjini Nairobi aliyezila alizila kwa siri. Watafiti, akiwamo mtaalamu wa mimea ya asili Patrick Maundu, walifanya kazi ambayo wakati ule ilionekana ndogo: waliandika majina ya mimea hiyo kwa lugha za wenyeji, wakakusanya mapishi, wakayapeleka kwa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mboga hizo zilikuwa zimeingia kwenye supamaketi za Nairobi.

Kuanzia mwaka 2007 Kenya ilikwenda mbali zaidi na kuwatumia wanafunzi wa shule za msingi kuorodhesha vyakula vya jamii zao, kwa kuwauliza wazazi na mabibi nyumbani. Desemba 2021 UNESCO iliuingiza mpango huo kwenye orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi wa utamaduni. Mkulima hali cheti cha UNESCO, ni kweli. Lakini angalia mpangilio wa kazi yenyewe. Jina, maelezo ya kupika na kuondoa aibu vilikwenda bega kwa bega na kutafuta wanunuzi. Hapakuwa na muujiza wa mbegu uliotangulia yote hayo.

Mbegu zipo, na hilo ni jambo la kusikitisha zaidi. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichoko Arusha kimefanya kazi nchini tangu miaka ya 1990 na kimechangia kupatikana kwa mbegu bora za mnavu, mchicha na ngogwe. Wasomi nao hawakulala. Mwaka 1979 Anne Fleuret alichapisha utafiti kuhusu mboga za majani za porini katika mlo wa watu wa Lushoto. Mwaka 2000 Vainio-Mattila akachapisha mwingine kuhusu mboga za porini za Wasambaa. Mwaka 2004 wilaya ya Muheza, jirani kabisa na Korogwe, ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofanyiwa utafiti wa mboga za asili za Tanzania. Maarifa ya bibi yalipanda ndege, yakachapishwa kwa Kiingereza, na mama wa Manundu bado anaambiwa "kama mboga nyingine tu".

Wala hili si suala la mfuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Udumavu una sababu nyingi, na fungu la mchunga halitauondoa. Lakini majani ya kijani kibichi yana madini ya chuma na vitamini ambavyo ugali na maharage ya kila siku havitoi vya kutosha, na katika vijiji vya Handeni majani hayo hukanyagwa njiani kwenda kununua kabichi.

Pamoja na hayo, udadisi bila maelezo una hatari, na mfanyabiashara anayetaka soko la kudumu asiifiche. Muhogo mchungu ukiliwa bila kulowekwa au kukaushwa ipasavyo una sumu. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, uliripotiwa Tarime katika miaka ya 1980 na kusini mwa nchi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ulihusishwa na muhogo ulioandaliwa kwa haraka wakati wa shida. Ndiga, kile kiazi cha porini kinachochimbwa mwaka wa njaa, hulowekwa siku kadhaa na kubadilishiwa maji kabla ya kuliwa. Uyoga hauhitaji maelezo: asiyeujua asiununue kwa mtu asiyemjua, na asiyeujua asiuuze.

Kuna hatari nyingine mpya ambayo mabibi hawakuirithisha kwa sababu haikuwapo. Mchunga, mgagani na mchicha pori kwa mkulima wa mahindi ni magugu, na sasa magugu yanapigwa dawa. Mtu anayechuma mboga kwenye shamba la mwingine hajui lilipigwa lini. Mteja naye hajui ilikochumwa. Kwa sababu hiyo, mboga ya porini ikianza kupata bei, jambo la busara ni kuihamishia kwenye tuta lake, hata kama ni tuta la hatua 10 kwa 3 nyuma ya nyumba, ili muuzaji aweze kusema bila kigugumizi kwamba mboga hii imetoka kwake na haijaguswa na dawa.

Tuta dogo ndilo saizi yake kwa sasa. Yeyote atakayesoma ukurasa huu na kwenda kulima ekari nzima ya mgagani atapata hasara, kwa sababu majani hayasubiri. Mboga iliyochumwa asubuhi Handeni ikifika jioni imenyauka, na udadisi wa wapishi 20 haumalizi mzigo wa pikipiki moja. Soko la udadisi hukua polepole, fungu kwa fungu, na hukua pale tu mteja wa kwanza anaporudi.

Nani basi amwonjeshe huyo mteja wa kwanza? Si halmashauri, ingawa kuna nne, mbili za wilaya na mbili za miji, na kila moja ina maofisa ugani. Mwenye nafasi nzuri kuliko wote ni mama lishe. Korogwe, Segera, Mkata na Mombo ziko kwenye barabara inayopitisha abiria wa Dar es Salaam, Moshi na Arusha. Kila siku watu wasiojuana wanakaa mbele ya sahani moja ya wali, maharage na mchicha. Mama lishe akiongeza kijiko kimoja cha mchunga wa nazi pembeni mwa sahani, bila kudai senti, hatari ya kujaribu imeshuka kutoka shilingi 6,000 hadi sifuri. Aliyeonja na kupenda atauliza kimepikwaje. Aliyeonja na kukunja uso amepoteza kijiko tu, na maharage yake yako palepale.

Mama lishe atauliza yeye anafaidika nini. Ana faida mbili. Mboga hizo kwa msimu wake ni rahisi kuliko kabichi, na sahani yenye kitu ambacho jirani hana humrudisha dereva. Muuzaji wa mboga mwenye akili anaweza hata kumpa mafungu mawili ya kwanza bure, kwa makubaliano kwamba akiulizwa yalikotoka, amtaje.

Kwa muuzaji wa sokoni, mbinu ni rahisi na hazihitaji mkopo. Auze fungu lililokwisha kuchanganywa, mchunga robo na mchicha robo tatu, kwa mteja wa mara ya kwanza. Mchanganyiko huo ukiharibika, haujaharibika wote. Wiki ya tatu mteja mwenyewe ataomba mchunga uongezwe. Aweke nazi mbili karibu na mchunga na ndimu karibu na bamia, kwa sababu mpishi mgeni hununua kwa macho. Ataje jina la mboga kwa lugha mbili au tatu za hapo sokoni, maana mama kutoka Songea anaweza kuwa anaijua vizuri kwa jina jingine na amekuwa akiipita miaka mitano. Na zaidi ya yote aache kusema "kama mboga nyingine".

Wapo wauzaji wanaoogopa kwamba wakitoa siri ya mapishi, mteja atakwenda kujichumia mwenyewe. Hofu hiyo haina msingi mjini. Mama anayetoka kazini saa kumi na mbili haendi porini kuchuma. Ananunua, na ananunua kwa yule aliyemfundisha.

Kazi iliyobaki, na ambayo vikundi vya akinamama vinaweza kuifanya kabla masika hayajaisha, ni kukausha. Machi hadi Mei majani ya kunde, mgagani na mlenda ni mengi mpaka hayana thamani. Januari na Februari hayapatikani, na mboga yoyote ya kijani hupanda bei. Majani ya kunde yakichemshwa kidogo na kukaushwa kivulini hukaa miezi kadhaa, na mlenda uliokaushwa ukasagwa hukaa vilevile. Kwa mpishi mdadisi, unga wa mlenda una ubora mmoja ambao jani bichi halina: anaweza kununua kijiko kimoja, akajaribu kwenye kikombe cha maji ya moto na magadi kidogo siku ya Jumapili ambapo hakuna anayemharakisha, na akiharibu, mlo wa nyumba haujaguswa. Anayeuza unga huo afunge vipakiti vidogo, na ndani ya kila kipakiti aweke karatasi yenye mistari minne ya kupika, iliyoandikwa kama bibi anavyosema na si kama kitabu kinavyosema.